Sufuria la presha la umeme, lita 6: miezi tisa ya mbaazi, pweza na kifua cha mama

Mama yangu anauza mbaazi za nazi hapa Wete, Pemba, tangu mimi sijaanza skuli. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshachochea kuni, na ikifika saa kumi na mbili na nusu sinia la maandazi na sufuria la mbaazi viko barazani, watu wameshafika na vibakuli vyao. Mbaazi hizo ndizo zilizonisomesha, mimi na ndugu zangu wanne. Naanza hivyo ili msomaji ajue kwamba chombo hiki sikukipima kwa chai na mayai. Nilikipima kwa kazi inayotulisha.

Kabla ya hapo mama alishikwa na kikohozi kisichokatika. Usiku alikuwa anaketi kitandani kwa sababu akilala chali pumzi haimtoshi. Tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mdogo, alimsikiliza kifua, akamtazama macho yaliyokuwa mekundu siku zote, kisha akamuuliza, "Bibi, unapikia nini?"

"Kuni, mwanangu. Nikikosa kuni, makumbi."

"Kwa muda gani?"

Mama hakuelewa kama anaulizwa kwa siku au kwa umri wake. Nikajibu mimi: saa tatu kila alfajiri, siku sita kwa wiki, zaidi ya miaka thelathini. Daktari aliandika dawa, akatuambia waziwazi kwamba moshi usipopungua tutazirudia dawa hizo kila mara.

Baadaye nilisoma takwimu za Shirika la Afya Duniani. Moshi wa majikoni na wa ndani ya nyumba ulihusishwa na vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 peke yake, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Si ugonjwa wa mapafu pekee: moyo umo, kiharusi kimo, saratani ya mapafu imo. Niliposoma habari ya watoto nilikumbuka kwamba sisi sote tulipokuwa wachanga tulilazwa kwenye mkeka palepale jikoni, ili mama atuone huku anapika. Hakujua. Nani alijua?

Maneno "nishati safi ya kupikia" nilikuwa nayasikia redioni, hasa tangu Mei 2024, Rais Samia alipozindua mkakati wa kwamba ifikapo 2034 watu asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi. Mimi nilidhani maana yake ni gesi tu, na gesi mama haitaki. Anaiogopa tangu utotoni mwetu na hakuna aliyeweza kumtoa hofu hiyo. Mwanangu, anayesoma Fomu Tatu, ndiye aliyesema, "Mama, kwa nini tusimnunulie bibi presha ya umeme?"

Niseme mapema kuhusu jina. Mama ana presha, ile ya damu, na anakunywa dawa zake. Ukisema "presha" nyumbani kwetu kila mtu anageuka kumtazama yeye. Kwa hiyo chombo hiki sisi tunakiita sufuria la umeme, na humu nitakiita hivyo.

Nililinunua Chake Chake kwa Sh 195,000, nikalipa kwa mafungu mawili. Lita 6, wati 1000. Chapa siitaji, kwa sababu nimeona ya majina mengine matatu kwa jamaa zangu na yote yanafanya kazi kwa namna moja. Ndani ya sanduku kuna sufuria la kuchomoa, mfuniko wenye kufuli, kikombe cha kupimia, mwiko wa plastiki na kitabu cha maelezo ambacho hakina hata neno moja la Kiswahili. Hilo liliniudhi kweli. Chombo kinauzwa kwetu, kwa mama zetu, na maneno ya hatari wameyaandika kwa lugha ambayo mpikaji haisomi. Mwanangu alikaa jioni moja akayatafsiri kwenye karatasi ya daftari, tukaibandika ukutani juu ya soketi.

Yeye ndiye aliyenieleza pia linavyofanya kazi, na nilielewa kwa sababu alianza na sufuria la kawaida. Maji yakichemka hapa kwetu pwani hayapandi zaidi ya nyuzi 100, hata uongeze kuni zote za shamba. Moto wa ziada unatoka na mvuke tu. Ukiuzuia mvuke usitoke, unajikusanya na kuyakandamiza maji, na hapo maji yanafika nyuzi kama 115 bila kuchemka ovyo. Mbaazi inalainika upesi kwa sababu iko ndani ya joto ambalo kuni haziwezi kuipa. Fikra yenyewe ni ya zamani sana: Mfaransa mmoja, Denis Papin, alionyesha chombo cha namna hii London mwaka 1679, cha kulainishia mifupa, na ndiye aliyekitilia kile kijitundu cha kupunguzia mvuke kisipasuke. Kipya ni ubongo uliowekwa ndani. Kuna vipimo vinavyosikiliza joto na mgandamizo. Sufuria likifika panapotakiwa linakata umeme lenyewe, likipoa kidogo linawasha. Ndiyo maana halili umeme kama watu wanavyodhani. Hiyo wati 1000 haiwaki muda wote.

Mama alisikiliza yote hayo, akasema, "Mwanangu, moto nisiouona nitaujuaje kama mkali?"

Basi tukapambanisha. Mbaazi zilezile za kulowekwa usiku, robo tatu ya kilo huku na robo tatu kule. Yeye na mafiga yake, mimi na sufuria langu. Langu lilichukua dakika 20 kupanda mgandamizo, dakika 25 za kupika, na kama dakika 15 za kuachwa lishuke lenyewe. Saa nzima. Alipofungua la kwake baada ya saa mbili alikuwa bado anaziongezea maji. Akachukua mbaazi moja ya kwangu, akaibinya kati ya vidole, ikaenda yote, ganda na kiini. Hakusema kitu. Akaibinya nyingine.

Lakini siku hiyo nilikosea jambo, na nataka kila mtu wa pwani alijue kabla hajaharibu nazi zake. Nilikuwa nimelitia tui lote tangu mwanzo. Lilikatika. Mafuta yakaelea juu, chini maji maji yenye chenga, na mama akasema mbaazi hizo hazitoki barazani kwake. Tui zito halivumilii mgandamizo. Sasa tunapika mbaazi kwa maji, chumvi, vitunguu na kijiko kimoja cha mafuta. Zikiiva tunafungua, tunabonyeza kitufe cha kukaangia, ambacho kinawasha moto bila kufunga mfuniko, tunatia tui jepesi lichemke, kisha tui zito mwishoni huku unakoroga upande mmoja, na bizari. Dakika 12 hivi. Hapo ladha ni ileile. Nimewauliza wateja wa mama wa miaka mingi, mmoja mmoja, bila kuwaambia nini kimebadilika. Mzee mmoja tu ndiye aliyesema kuna kitu kimepungua, na alipofikiri sana akasema ni moshi.

Kile kijiko cha mafuta si cha ladha. Mbaazi, kunde, choroko, zote zinatoa povu, na povu likipanda linaziba kijitundu cha mvuke. Kwa sababu hiyohiyo usijaze kupita nusu unapopika vitu vya jamii hii ya kunde. Lita 6 kwa hiyo ni lita 3 za kweli. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa chombo hiki kwa mtu wa biashara: mama alikuwa anapika kilo mbili kwa mara moja, sasa tunapika kilo na nusu kwa mikupuo miwili. Kwa shughuli, maulidi au harusi, usilitaje kabisa. Hapo ni masufuria ya kukodi na kuni kama kawaida.

Kitu kilichombadilisha mama moyo si kasi bali ni saa ya kutegea. Usiku kabla ya kulala tunaweka mbaazi zilizolowekwa na maji yake, tunafunga, tunategea lianze saa tisa. Linapika lenyewe gizani, linamaliza, linaziweka zikiwa moto. Mama anaamka kwa adhana. Anatawadha, anasali, anakaa na tasbihi yake mpaka kupambazuke, kisha anafungua mbaazi zimeiva na anaanza kukuna nazi kwa mkupuo wa pili. Asubuhi ya kwanza aliniambia kwamba tangu aolewe hajawahi kuswali alfajiri bila harufu ya moshi kwenye kanga yake. Niliingia ndani nikalia, sisemi uongo. (Kutegea huku ni kwa mbaazi na jamii yake tu. Nyama au samaki usiviache humo kwa muda wa saa tano kwenye joto letu kabla havijaanza kupikwa.)

Pweza sasa. Mnajua kazi ya pweza: umpige, umsugue, umpige tena, kisha umchemshe na uombe Mungu asiwe mgumu kama mpira wa baiskeli. Mimi namuosha, namtia mzima bila tone la maji, kwa sababu maji yake mwenyewe yanamtosha, na ndimu, thomu na tangawizi. Dakika 18 kwa pweza wa kilo moja na nusu. Anatoka laini na rangi yake nzuri, ngozi haijachubuka, na yale maji yake mekundu ni supu tayari. Kwa pweza peke yake ningelinunua. Makongoro dakika 60, ambayo kwenye kuni ni asubuhi mpaka adhuhuri. Muhogo dakika 8, majimbi 10. Kunde za borohoa, ule mchuzi mzito wa kunde za kuponda, ni kama mbaazi, ila punguza dakika tano. Ramadhani hii ndiyo ilikuwa ya kwanza mama kupika futari akiwa amekaa kwenye kiti, mlango wazi, upepo unaingia, bila kupuliza moto na mdomo mkavu wa saumu.

Wali, hapana. Unaiva, unalika, lakini ni wali wa hospitali. Wali wa nazi wa kwetu unataka kupaliwa makaa juu ya mfuniko ukauke chembe kwa chembe, na unataka ukoko. Watoto wangu waliuliza ukoko uko wapi nikakosa jibu. Biriani vilevile. Mkate wa kumimina haumo kabisa, wala samaki wa kuchoma. Kwa hiyo seredani yetu, lile jiko la makaa, haikutupwa. Iko nje sasa, chini ya mwembe, inawashwa mara mbili au tatu kwa wiki, na moshi wake unakwenda angani. Polo la makaa lililokuwa linatutosha wiki mbili sasa linapita mwezi. Kuni hatununui tena. Anayetuletea kuni alikuwa anachanganya na mikoko. Nilikuwa naijua kwa wekundu wake na nilikuwa nanyamaza kwa sababu inawaka vizuri. Ufukwe tuliokuwa tukiokota chaza utotoni sasa umebaki na visiki, na najua sehemu ya visiki hivyo iliungua chini ya sufuria letu.

Umeme. Hili ndilo swali ninaloulizwa na kila jirani, nami nilisimama na kalamu mbele ya mita ya tukuza, ile ya kulipia kabla ambayo uniti zake zinapungua kadiri unavyotumia. Mkupuo mmoja wa mbaazi, kila kitu kingine kikiwa kimezimwa: mita ilitoka 41.6 ikaja 41.2. Chini ya nusu uniti. Pweza chini ya hapo. Nilirudia siku tatu tofauti na haikuzidi nusu uniti hata mara moja. Pasi yangu inakula zaidi nikipiga sare za skuli za watoto wote.

Wasiwasi wa kweli si bei ya umeme, ni kukatika kwake. Nimeshuhudia enzi za majenereta hapa Pemba, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na wakati ule chombo hiki kingekuwa pambo la kabatini. Leo mambo ni tofauti sana, lakini bado unakatika. Mara nne katika miezi tisa umetukatikia kati ya upishi. Mara mbili mbaazi zilikuwa zimeshapita nusu, na kwa kuwa sufuria halipotezi joto upesi, ziliendelea kuiva kwa mvuke wake na tuliposubiri zikatosha. Mara moja ulikatika dakika chache tu baada ya kuanza, usiku, sote tumelala. Uliporudi sufuria lilikuwa limesahau kila kitu, na mama akaamka akakuta mbaazi mbichi kwenye maji ya uvuguvugu. Siku hiyo hakuuza. Weka makaa kidogo ndani siku zote.

Na soketi, nawaombeni muwe waangalifu. Wiki ya pili nililichomeka kwenye eksitensheni nyembamba pamoja na friji. Kichwa cha eksitensheni kiliyeyuka, tukasikia harufu ya plastiki kabla hatujaona kitu. Mungu alitusitiri, ilikuwa mchana. Fundi alikuja akatia soketi yake peke yake yenye waya mnene, akachukua Sh 15,000. Hesabuni hiyo ndani ya bei ya chombo tangu mwanzo.

Malalamiko yangu makubwa ni ya duka, sio ya sufuria. Ndani ya mfuniko kuna mpira wa mviringo unaozuia mvuke. Mpira huu unashika harufu, hasa ya thomu na pweza, hata uloweke kwenye siki na ndimu, na baada ya miezi mitano wa kwetu ulilegea, mvuke ukawa unavuja pembeni na mgandamizo haupandi. Nikarudi nilikonunua na risiti yangu. Nikaambiwa mpira haumo kwenye dhamana, na hawauzi mipira, na kama nataka ninunue sufuria jipya kwa punguzo. Sufuria zima la Sh 195,000 kwa ajili ya mpira! Nilimpigia kaka yangu aliyeko Unguja, akazunguka sokoni Darajani siku nzima, akaupata wa vipimo hivyo kwa Sh 8,000, nikatumiwa kwa boti. Kwa wiki moja na nusu tulirudi kwenye kuni, na siku ya tatu tu mama alianza kukohoa tena usiku.

Kikohozi chenyewe siwezi kusema sufuria ndilo lililokiponya. Dawa alikunywa, na alizikamilisha. Lakini sasa analala chali. Macho yamekuwa meupe kiasi kwamba dada yangu aliporudi kutoka Tanga alidhani amefanyiwa operesheni. Aliporudi kliniki mara ya mwisho, yule daktari alimsikiliza kifua akamwambia apunguze idadi ya vidonge. Mama hakumwambia asante. Alimwambia aje Wete asubuhi moja ale mbaazi.

Kwa anayetaka kununua: fungueni sanduku palepale dukani, kabla ya kulipa. Ulizeni mpira wa akiba, na kama hawana, ongezeni safari hadi duka lililo nao. Angalieni sufuria la ndani. La bati zito lisilopakwa rangi nyeusi ni bora, maana lile jeusi la jirani yangu limeshaanza kubanduka kwa mwiko wa chuma. Hakikisheni lina kitufe cha kukaangia, bila hicho tui mtalitilia wapi? Na saa ya kutegea. Visivyokuwa hivyo, vitufe kumi na nne vyenye picha za keki na mtindi, havina kazi. Sisi tunatumia vitatu. Mama ameviwekea alama kwa rangi ya kucha ya mjukuu wake: nyekundu kuanza, waridi kukaangia, na zambarau ya saa tisa.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano, na ya tano inabaki dukani mpaka waanze kuuza mipira. Wa kwetu wa pili umeshaanza kulegea upande mmoja. Safari hii nimemwagiza kaka miwili, anaitia kwenye boti ya Alhamisi.